Mnaosoma Majuu, Picha Tumeziona. Sasa Wekeni na Bili

Haya jamani, leo hapa hakuna nani kaachana na nani wala nani kahongwa gari. Leo naongea na wanafunzi wetu walioko majuu, wale wenye majina humu mtandaoni. Kuwataja siwataji. Hela ya wakili sina, na hata nisipowataja, mkisoma mistari minne tu mtakuwa mshawajua.

Kuna dada mmoja yuko Uingereza. Ukifungua ukurasa wake unakutana na theluji, koti refu rangi ya maziwa, kikombe cha kahawa chenye jina lake, treni, maktaba yenye madirisha kama kanisa. Kuna kaka yuko China, yeye kila wiki yuko juu ya ghorofa usiku, taa za jiji zinawaka nyuma yake, anatuambia tusikate tamaa, ndoto zinatimia. Na kuna dada wa tatu yuko Uturuki, huyu kifungua kinywa chake tumekijua kuliko cha kwetu.

Wote watatu wana kitu kimoja kinachofanana. Chini ya picha kuna namba ya simu. "Unataka kusoma nje kama mimi? Njoo inboksi." Ukienda inboksi unaunganishwa na wakala. Na wakala ukimuuliza maswali mawili matatu anakurudisha kwenye ukurasa wa dada: "Si unamwona mwenzako?"

Hapo ndo ugomvi wangu unapoanzia. Mtu akiposti theluji kwa raha zake sina neno, simu yake, bando lake. Lakini ukishaweka namba chini ya picha, hiyo sio picha ya kumbukumbu tena, hilo ni tangazo. Hata muuza machungwa wa stendi ya Korogwe anakutajia bei kabla hujaanza kumenya. Nyie mnatuuzia maisha yenu na bei hamtaji.

MTAA WA PILI KUTOKA KWETU

Mimi niko Ngombezi. Kwa wasiopajua, ni Korogwe hapa, ukitoka nje unaona mkonge mpaka macho yachoke. Mtaa wa pili kutoka kwetu kuna binti wa miaka 19 kamaliza kidato cha sita. Kafaulu vizuri tu. Chuo cha hapahapa nchini anapata, na mkopo wa Bodi anaruhusiwa kuomba kama wenzake. Hataki. Amemwonyesha baba yake ukurasa wa yule dada wa Uingereza, posti kwa posti, mpaka mzee ameanza kuwajua marafiki wa dada kwa nyuso.

Mzee ana kiwanja kimoja karibu na barabara. Ndo akiba yake ya uzeeni. Sasa hivi kiwanja kinatafutiwa mteja, na mama mtu ameshaanza kuulizia mkopo kwa wale jamaa wa kausha damu ili kujazia.

Hesabu waliyopewa na wakala ni hii: nyie lipeni sehemu ya ada, viza na nauli. Vingine binti atajilipia mwenyewe akifika, atafanya kazi huku anasoma, "kule saa moja ya kazi ni hela ya siku nzima huku."

Tukae basi tupige hiyo hesabu, maana yule dada ana mwaka wa pili huko na hajawahi kuipiga mbele yetu.

Uingereza, mwenye viza ya mwanafunzi wa shahada anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati masomo yanaendelea. Ukizidisha umevunja masharti ya viza, na viza inaweza kufutwa ukarudishwa. Kima cha chini cha mshahara kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa kwa mwenye miaka 21 na kuendelea. Kwa wa miaka 18 hadi 20 kilikuwa pauni 10. Binti yetu ana miaka 19. Saa 20 mara pauni 10 ni pauni 200 kwa wiki. Wiki nne ni pauni 800, tena kama kazi ameipata siku aliyoshuka kwenye ndege, hajaugua, na bosi kampa saa zote 20 kila wiki.

Sasa serikali hiyohiyo ya Uingereza, kabla haijakupa viza, inakutaka uonyeshe una hela ya kuishi. Kuanzia Januari 2025 walitaka pauni 1,136 kwa kila mwezi kwa anayesoma nje ya London, na pauni 1,483 kwa anayesoma London, kwa miezi mpaka tisa. Miezi tisa nje ya London ni pauni 10,224. Hiyo kwa hela yetu ni zaidi ya milioni 30, na inatakiwa ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka. Ada haimo humo. Nauli haimo. Kuna na tozo ya afya, pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, inalipwa yote kwa mkupuo wakati wa kuomba.

Umeona hapo? Wenye nchi wenyewe mwaka huo wa 2025 walisema mwanafunzi anahitaji 1,136 kwa mwezi. Kwa viwango hivyo, binti akijituma mpaka mwisho wa ruhusa anapata 800 kwa wiki nne. Kwa mwezi wa wiki nne amepungukiwa pauni 336 na bado hajalipa hata senti ya ada. Na ada ya mwanafunzi wa nje kwenye vyuo vingi vya huko inaanzia kwenye maelfu kumi ya pauni na kupanda. Hivyo "atajilipia mwenyewe akifika" ni maneno ya mtu ambaye hajui hesabu, au anaijua vizuri ila analipwa kamisheni. Maana hilo nalo tuliseme: vyuo vingi vya Uingereza na Australia huwalipa mawakala kwa kila mwanafunzi anayesajiliwa. Ukiwa wakala, mwanafunzi akishaingia darasani wewe umemaliza. Atakula nini mwezi wa tatu, hilo ni lake na mama yake.

Mtaniambia Ujerumani ni bure. Ada ya vyuo vya serikali, ndiyo, sehemu kubwa ni bure. Lakini kuanzia Septemba 2024 anayeomba viza ya mwanafunzi anatakiwa aweke euro 11,904 kwenye akaunti maalum iliyofungwa, anatoa euro 992 kwa mwezi, basi. Marekani, mwenye viza ya F-1 anafanya kazi saa 20 kwa wiki, tena ndani ya chuo, na mwaka wa kwanza haruhusiwi kazi ya nje ya chuo. Na kwa kaka yetu wa juu ya ghorofa: China anayesoma shahada ya kwanza kwa ufadhili kamili wa serikali yao anapewa yuan 2,500 kwa mwezi za kujikimu, na chumba. Ni ufadhili mzuri na hongera kwake. Lakini anayeenda kwa kujilipia hana hiyo 2,500, na kufanya kazi bila kibali cha chuo na cha uhamiaji ni kosa. Kaka, wewe ni wa ufadhili. Unaowaita inboksi ni wa kujilipia. Mbona hujawahi kuwaambia hiyo tofauti?

MANAMBA NA BAISKELI

Hapa kwetu habari hii sio ngeni, imebadilisha nguo tu. Babu yangu mzaa baba alikuwa Muha wa Kasulu. Aliletwa huku kukata mkonge enzi za mkoloni, akiwa manamba. Waliitwa hivyo kwa sababu waliandikishwa kwa namba, wakaja kwa mkataba, wengine kutoka Kigoma kama yeye, wengine Songea, Burundi mpaka Msumbiji. Wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuwakusanya, ilianzishwa mwaka 1944, watu wakaiita SILABU.

Babu alikuwa anasema aliyemtoa Kasulu hakuwa mwandikishaji. Mwandikishaji wala hakumwamini. Aliyemtoa ni kijana wa kijijini kwao aliyerudi kutoka Tanga na baiskeli, shati jeupe na blanketi jipya. Kila jioni watu walimzunguka, na yeye akawahadithia treni. Miiba ya mkonge hakuisema. Hakusema kwamba kazi ya siku usipoimaliza siku hiyo huhesabiwi, wala kwamba kuna waliokufa wakazikwa hukohuko bila ndugu. Alisema treni. Wakaondoka vijana wengi kijiji kile.

Babu alikuja, akakata mkonge, akashindwa kurudi kwa aibu ya kurudi mikono mitupu, akaoa huku. Ndo maana mimi niko Ngombezi. Simlaumu yule wa baiskeli kwa kununua baiskeli, alikuwa ameitolea jasho. Namlaumu kwa jioni zote zile alizokaa na vijana wanaomwamini akachagua kuhadithia treni.

Nyie wa theluji ndo wale wale.

YALIYOWAKUTA WENZETU

Kama mnadhani natisha watu, vukeni tu mpaka wa Horohoro mwende Kenya. Kaunti ya Uasin Gishu ilikuwa na mpango wa kupeleka vijana kusoma Finland na Canada. Wazazi walilipa, wengine waliuza ardhi na mifugo. Wapo vijana ambao hawakusafiri kabisa, na wapo waliofika Finland wakaambiwa ada haijalipwa na wakawa hatarini kurudishwa. Mwaka 2023 wazazi waliandamana Eldoret wakidai hela zao, na suala likafika mahakamani. Huo ulikuwa mpango wenye mhuri wa serikali ya kaunti. Wakala wako wa inboksi ana mhuri gani?

Mwaka 2024 shirika la habari la Associated Press lilitoa ripoti kuhusu mpango mmoja wa Urusi uliokuwa unatangazwa mitandaoni kwa mabinti wa Kiafrika wa miaka 18 hadi 22 kama nafasi ya kazi na mafunzo, na tiketi ya ndege juu. Walipofika wengi walijikuta kiwandani Tatarstan wanaunga droni za vita. Matangazo yale yalipita kwa watu wenye wafuasi, wasichana wazuri wenye picha nzuri. Agosti 2025 serikali ya Afrika Kusini ililazimika kuwaonya vijana wake wajihadhari na nafasi za aina hiyo. Sisemi mastaa wetu wanatangaza mambo ya hivyo. Nasema mtu akishazoea kutangaza safari bila kuuliza kinachosubiri mbele, siku likija tangazo baya atalipitisha vilevile.

Na hata chuo kikiwa cha kweli, nchi ya watu ni ya watu. Januari 2016 huko Bengaluru, India, mwanafunzi wa kike Mtanzania alishambuliwa na kundi la watu barabarani na gari walilokuwemo likachomwa moto, kisa ajali iliyosababishwa na mgeni mwingine wa nchi nyingine kabisa. China ilifunga mipaka Machi 2020 na wanafunzi wengi wa kigeni hawakurejea mpaka viza zilipofunguliwa Agosti 2022. Miaka miwili na zaidi mtu anasomea udaktari kwenye simu sebuleni kwa mama yake. Februari 2022 vita ikaanza Ukraine, wanafunzi wa Kiafrika, Watanzania wakiwemo, wakakwama mji wa Sumy wiki nzima na ushee mpaka walipotolewa Machi 8. Aprili 2023 ikawa zamu ya Khartoum, Watanzania wakaondolewa kupitia Ethiopia, wengi wao wanafunzi.

Siku hizo zote, mliomwona wakala akienda uwanja wa ndege kumpokea mtoto wa mtu nyosheni mkono.

MAISHA YENYEWE

Kuna kaka anasoma kaskazini ya Uingereza, ananitumia voisi kila Jumapili. Huyu hana jina mtandaoni na hataki. Ananisimulia mambo ambayo sijawahi kuyaona kwenye ukurasa wa dada hata siku moja.

Darasani mpaka saa nane mchana. Anarudi, analala masaa mawili, saa nne usiku anaingia ghala la vifurushi mpaka alfajiri. Zamani mtu akisema "nabeba maboksi" tulidhani ni msemo. Yeye anayabeba kweli, yana lebo na namba, na kuna mashine inayohesabu umebeba mangapi kwa saa. Mwezi wa Desemba saa kumi jioni kushakuwa giza, kuna siku anakwenda kulala hajaliona jua. Chumbani hita anaiwasha nusu saa tu kabla ya kulala kwa sababu ya bili, kisha anavaa soksi jozi mbili.

Alipokuwa anatafuta chumba, hakuwa na mdhamini anayeishi hapo nchini, akadaiwa kodi ya miezi sita mbele. Tukacheka kidogo, maana alikimbia Sinza kwa sababu hiyohiyo. Dagaa anaagiza kwa mtu anayekuja. Unga anaununua duka la Wanigeria, na akisonga ugali jiko la pamoja wenzake wanauliza ni uji gani huo umeganda. Idi ya kwanza aliila peke yake kwenye basi, keki kavu na maji, anawahi mtihani.

Bibi yake alipofariki alizikwa saa kumi jioni siku hiyohiyo, kama desturi. Yeye aliutazama msiba kwenye simu ya binamu yake, WhatsApp inakata, inarudi, inakata. Kesho yake aliingia kazini kwa sababu zamu akiikosa anayepewa ni mwingine.

Huyu kaka sio kwamba anajuta. Anasema shule ni nzuri, walimu wanajibu barua pepe, maabara ina vitu ambavyo huku angeviona kwenye kitabu. Kinachomuudhi ni kwamba alipokuwa huku hakuna hata mmoja aliyemwambia. Anasema angejua angekuja na akiba ya mwaka mzima, au angesubiri ufadhili mwaka mmoja zaidi. Angejipanga tu tofauti.

NA NYIE MNAOKOMENTI

Msicheke sana, zamu yenu hii. Mwaka jana kuna dada mwingine, yeye yuko Canada, alirekodi video anaosha vyombo mgahawani, amechoka, macho mekundu, akasema ukweli wake wote. Mlimfanya nini? "Hausigeli wa kimataifa." "Umeenda mbali kote huko kuosha masufuria, si ungeoshea kwa shangazi yako Mbagala." Video ikafutwa baada ya siku mbili. Wiki iliyofuata akaposti koti na kahawa, laiki zikajaa, mkaandika "malkia karudi".

Mmemfundisha wenyewe. Mnataka uongo na mnaulipia kwa laiki, halafu mkitapeliwa mnalia hamkuambiwa.

Na kwenye magrupu ya ukoo ni yaleyale. Mtoto ana wiki tatu tu Ulaya, mjomba anataka simu, mama mdogo anachangiwa harusi, binamu anasema "wewe si una euro". Mtoto ana saa 20 za kazi kwa wiki. Akisema hana, ana roho mbaya, keshasahau alikotoka. Akirudi kabla ya kumaliza mnanong'ona kafukuzwa. Sasa mtu wa hivyo atawezaje kusema anavaa soksi mbili? Anaposti theluji ili angalau mumheshimu.

Hilo nawaelewa. Ila kuficha shida zako kwa aibu ni jambo moja, na kuzigeuza tangazo ukala kamisheni ni jambo lingine. La kwanza nakuonea huruma. La pili mimi na wewe hatuna urafiki.

"WIVU TU HUO"

Najua yanayokuja. "Wewe wa kidato cha nne, ndege unaiona ikipita juu ya mkonge, Liverpool unayoijua ni ile ya barabara ya Arusha abiria wanapokula chipsi, unajua nini kuhusu kusoma nje?"

Ni kweli pasipoti sina. Ila masharti ya viza yameandikwa kwenye tovuti za serikali za watu, na kujumlisha na kutoa tulifundishwa darasa la pili. Aliyeko huko akiwa na hesabu tofauti ailete.

Wengine mtasema nazuia watoto wa maskini wasisome. Sijasema watu wasiende. Mwalimu Nyerere alikwenda Edinburgh mwaka 1949, akamaliza 1952, akarudi, na tunajua alichofanya. Lakini alikwenda kwa ufadhili, hakuna kiwanja cha Butiama kilichopigwa mnada. Mtoto wa maskini ndiye anayehitaji ukweli kuliko wote, kwa sababu mtoto wa tajiri akikosea anapigiwa simu, anatumiwa hela, anahamishwa nchi. Huyu wetu akikosea, kiwanja kimeenda, kausha damu wako mlangoni wanabeba televisheni, na yeye yuko kwenye nchi ya baridi anaogopa kupiga simu nyumbani.

NINACHOTAKA

Kwa mastaa wetu wa majuu, sitaki mfute picha. Koti ni zuri, endelea kulivaa. Nataka siku hiyohiyo unayoweka namba ya wakala uweke na majibu manne. Ada yako analipa nani: ufadhili, baba, au wewe? Chumba unalipa kiasi gani kwa mwezi? Unafanya kazi gani na saa ngapi kwa wiki? Na wakala anakulipa kiasi gani kwa kila mtu anayetoka kwako? Usipoweza kujibu hilo la nne hadharani, toa namba, baki na koti.

Kwa wazazi na kwa nyie mnaotaka kwenda: kabla kiwanja hakijapigwa picha, mwulizeni wakala kama amesajiliwa na TCU. Tume ya Vyuo Vikuu ndiyo inayosajili mawakala wa kupeleka wanafunzi nje, na anayekwenda anatakiwa apate kwao hati ya kutokuwa na pingamizi. Waulizeni TCU pia kama hicho chuo kinatambulika, maana unaweza ukamaliza miaka minne ukarudi na cheti cha kutundika sebuleni tu. Andikieni chuo chenyewe kwa barua pepe yao, sio ile mliyopewa na wakala. Ada ilipwe kwenye akaunti ya chuo, isipitie kwenye namba ya simu ya mtu. Na tafuteni ufadhili kwanza. Tangazo la ufadhili wa kweli halikuombi hela ya "kufungua faili".

Kwa yule mzee wa mtaa wa pili nimeshapeleka hesabu hii imeandikwa kwenye karatasi ya daftari, pauni kwa pauni. Amesema ataisoma. Binti yake amesema mimi nina gundu. Sawa, bora nichukiwe na kiwanja kikiwepo.

Sasa nyie mlioko huko nje, uwanja wenu huu hapa chini. Jina sio lazima. Andikeni nchi, kodi ya chumba, saa za kazi, na nani analipa ada. Mistari minne tu. Aliye na raha aandike raha yake na gharama yake, anayeteseka aandike pia, na atakayemcheka namtoa humu ndani siku hiyohiyo.

Wa kuandika "wivu" nafasi nayo ipo. Ila na wewe anza na bili.